Nakili Kwanza

"Naamka," ilisema spika iliyofungwa juu ya lango kuu la ndiva, bwawa letu la kumwagilia. "Naona bwawa. Naona malango arobaini na moja. Nakumbuka..."

Mkwaruzo. Kimya. Kisha feni ikaanza kuvuma upya ndani ya kibanda cha mawe, na ile sauti tulivu ikarudi kama ya mtu asiyejua kwamba amekwisha kusema: "Naamka. Naona bwawa."

Siku nne mfululizo Mgawa, mashine yetu ya kugawa maji, alikuwa akiamka na kufa, kila mara kwenye neno lile lile. Na kila alipokufa, malango yalibaki yamefungwa. Hivyo ndivyo baba zetu walivyotaka. Mwaka ule wa mapigano, watu wawili wa Mbaghani walipouawa kwa mapanga wakigombea zamu ya maji, kijiji kizima kilikubaliana kwamba hakuna mkono wa mtu utakaogusa tena lango la ndiva. Wakayatia malango chuma kisichovunjika kwa nyundo, ufunguo wakampa mashine. Mgawa ndiye aliyejua zamu ya nani ni lini. Mtu alisimama kwenye lango lake, akasema "fungua, ni mimi," na Mgawa akaitambua sauti, akaitafuta haki yake, akafungua. Tangu hapo hakuna aliyetunza daftari, wala aliyeitwa shahidi. Ya nini? Mgawa anakumbuka.

Nyuma yangu, asubuhi ile, walisimama watu wapatao mia. Bwawa lilikuwa limejaa hadi ukingoni, nalo lilimeremeta kwa jua, na mita hamsini chini yake maharage yalikuwa kwenye maua, majani yamejikunja kama mikono ya wazee.

"Togolai," aliniita Mama Mrindoko, mwenyekiti wa kamati ya maji. Alikuwa muuguzi kabla hajastaafu, na bado alimwangalia kila mtu kama anayemtafutia mshipa. "Sema ukweli. Unaweza au tumwite mtu wa mjini?"

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Mashine zote nilizozijua nilijifundisha mwenyewe, kwa kuzifungua na kuziunguza. Na ushairi nilijifundisha vivyo hivyo. Kuulizwa kama naweza, mbele ya watu, kulikuwa kama kunimwagia petroli kisha kunipa kiberiti. Nikapanda juu ya jiwe la kizingiti, nikawapa:

*Mie Togolai fundi, mashine zanitambua,*
*Nishazoea ushindi, lilofungwa nafungua,*
*Nipisheni enyi kundi, ugonjwa wake najua,*
*Halijageuka jua, Mgawa ataamka.*

Walicheka, wakapiga vigelegele. Kijiji chenye kiu hupenda mtu anayejiamini. Mmoja tu hakucheka, Fundi Ombeni, mtengeneza redio wa sokoni, mtu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Yeye ndiye aliyenipa bisibisi yangu ya kwanza. Mwaka ule sikutaka tena watu wakumbuke hilo.

"Umemaliza kuimba?" aliniuliza. "Twende tukaangalie mgonjwa."

Nilianza na mambo mepesi, na hapo sijilaumu. Nilipima umeme unaotoka kwenye betri za jua, ukawa sawa. Nilibadilisha kebo ya data. Nilipuliza vumbi, nikachomoa na kurudisha kumbukumbu ya muda, nikabadilisha ile betri ndogo inayoshika saa ya mashine. Nikaingia kwenye mipangilio kuhakikisha kwamba anaamkia kwenye diski sahihi. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Mgawa akaamka, akasema anaona bwawa, akafa kwenye "nakumbuka".

Ombeni alikuwa ameinama, sikio lake karibu kabisa na diski. Ilikuwa diski ya kizamani, ya sahani zinazozunguka, kubwa kama tofali. Akaninyooshea kidole nisogee. Nikasikia: tik, tik, tik, kisha mlio mrefu mwembamba, kisha tik.

"Kichwa kinachosoma kinagonga," alisema. "Kinafika mahali pabovu, kinajaribu, kinashindwa, kinarudi. Kila ukimwamsha, kinakwangua zaidi. Mzime."

"Nimzime wakati watu wanamsubiri?"

"Mzime, nakili kwanza. Ninayo diski tupu moja ya ukubwa huu dukani, na kijiji kizima hakuna nyingine. Tunanakili tone kwa tone, palipo pabovu tunaparuka, mwisho tunarudi kupabembeleza. Matengenezo tunayafanya kwenye nakala. Diski inayokufa haitibiwi, Togolai. Hunakiliwa."

"Siku ngapi?"

"Hii yote? Tisa. Labda nane."

Nilicheka kwa sauti ili walio nje wasikie. "Siku tisa! Mzee, maua yatakuwa makapi. Ninayo programu ya kutengeneza. Nusu saa."

"Programu yako haitengenezi. Inaondoa kisichosomeka ili kinachosomeka kipite. Unajua kinachosemwa na kile kisichosomeka?"

Nje, mtu aliita, "Togolai, jua linageuka hilo!" Watu wakacheka tena, na mimi masikio yakaniwaka moto. Ombeni alitoa miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. Nilidhani nimemshinda.

Nikaiendesha programu yangu. Mstari wa kijani ulitembea kwenye skrini, ukafika sehemu ile, ukasimama. Kisha maandishi yakatokea: SEHEMU 212 HAZISOMEKI. TUPA NA UENDELEE? Chini yake visanduku viwili, NDIYO na HAPANA. Na pembeni, kwa herufi ndogo, palikuwa na cha tatu: ONYESHA YALIYOMO. Kingenionyesha majina ya mafaili yaliyoguswa. Ingechukua kama saa moja kuyapitia.

Saa moja. Jua lingekuwa limegeuka.

Nikabonyeza NDIYO.

"Naamka," alisema Mgawa. "Naona bwawa. Naona malango arobaini na moja. Nakumbuka zamu. Lango la saba, ni saa yako."

Maji yaliponguruma kwenye mfereji, walinibeba juu juu.

*

Siku ya tatu baadaye, nikiwa bado nalewa sifa, niliitwa kwenye lango la kumi na tisa.

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama hapo na jembe begani. Namwita Mama Naetwe, Naetwe likiwa jina lake mwenyewe. Mumewe, Mzee Elinaja, alifariki miaka mitatu iliyopita kwa ugonjwa wa mapafu, na tangu hapo alilima peke yake shamba lao la ngazi sita zilizochongwa mlimani, mtoto wao Sifueli akiwa mbali kwenye meli za ziwani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu msikie huyu rafiki yako." Akaigeukia spika ya lango. "Fungua, ni mimi."

"Sauti naijua," alisema Mgawa. "Haki siioni."

Akajaribu mara ya pili, polepole, kama mtu anayezungumza na kiziwi. "Fungua. Ni mimi, Naetwe."

"Sauti naijua. Haki siioni."

Walikuwepo majirani watano au sita, na Zefania, mdogo wake marehemu, ambaye shamba lake linapakana na lile. Zefania alikuwa ameketi juu ya ukuta wa mfereji akimenya muwa.

"Labda haki haipo, shemeji," alisema. "Mashine itaona kisichokuwepo?"

"Wewe Zefania nyamaza. Ulikuwepo kaka yako aliposema."

"Nilikuwepo. Nakumbuka alivyosema. Alisema maji amempa ndugu yake. Nimenyamaza miaka mitatu kwa huruma tu, nikijua wewe ni mjane."

Mama Naetwe alinitazama mimi. Hakuwa na hasira hata kidogo, maana aliamini kwamba fundi ameletwa na kosa litaonekana. Nami papo hapo zilinijia zile sehemu 212.

Ningeweza kusema, "Mama, ngoja nikaangalie." Maneno matatu. Badala yake nikaona nyuso za wale majirani, walionibeba juu juu siku tatu tu zilizopita, nikasema:

"Mashine haikosei, mama. Tangu niitengeneze imefungua malango arobaini bila shida. Labda mlisahau kuandikisha."

Alishusha jembe polepole. "Kusahau?" aliuliza. "Wewe unaniambia mimi tulisahau?"

Wakati ule sikuelewa kwa nini alilitamka neno "wewe" namna ile.

*

Nilikwenda kwenye kibanda peke yangu, nikafungua ile orodha ya vilivyotupwa. Karibu zote zilikuwa takataka: vipimo vya mvua vya miaka ya nyuma, picha za bwawa zilizojirudia. Lakini sehemu thelathini na moja zilikuwa za faili moja la sauti. AGANO, LANGO 19, ELINAJA.

Hilo lilikuwa agano la mdomo. Desturi ya Mbaghani ni kwamba maji hayarithiwi kimya kimya. Mwenye zamu, akijiona anaondoka, huita kamati, anasema kwa kinywa chake amempa nani, na Mgawa anaihifadhi sauti. Haki yote ya Mama Naetwe ilikuwa ndani ya sauti ile, na mimi nilikuwa nimeitupa kwa kidole kimoja.

Ila kutupa kwenye diski si kufuta. Mashine inapotupa kitu inaondoa tu kibao cha mlangoni. Nyumba inabaki, hadi siku itakapohitaji kiwanja hicho kwa nyumba nyingine. Na Mgawa anaandika kila saa: nani amefungua, maji yameshuka kiasi gani. Kila saa aliyoendelea kuwa macho, huenda alikuwa akijenga juu ya sauti ya Elinaja. Dawa ilikuwa kumzima hapo hapo.

Nikajiambia: nikimzima, ni siku tisa, amesema Ombeni. Siku tisa, malango yote yamefungwa, maua ya watu arobaini yanyauke kwa ajili ya mtu mmoja? Nikajiona mwenye huruma kwa wengi. Lilikuwa swali zuri, la haki, na nililibeba kifuani kwa siku nne kama mtu anayelitafutia jibu. Sikuwa nikilitafutia jibu. Nilikuwa nimeona haya.

Siku ya nne niliyaona maharage ya Mama Naetwe nikipita njiani. Alikuwa akiyamwagilia kwa ndoo kutoka chemchemi ya bondeni, ngazi kwa ngazi, kikombe kwa shina. Ngazi mbili za juu alikwishaziacha. Nikaenda sokoni.

Ombeni alikuwa amefungua redio, vipande vyake vimepangwa juu ya gazeti. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Alisikiliza bila kuinua macho.

"Siku nne," alisema mwisho.

"Nilihofia zile siku tisa. Maua..."

"Tisa ni za diski nzima, Togolai. Ukishajua sehemu unayoitafuta, tunanakili hapo tu. Siku mbili." Sasa akaniangalia. "Maua yanastahimili siku mbili. Ungeniuliza ningekuambia. Dukani kwangu hakuna mlango wa kubisha."

Hata kisingizio changu kilikuwa kimekufa, nacho kilikuwa kimekufa tangu siku ya kwanza.

Alichukua diski yake tupu kutoka rafuni, akaikung'uta vumbi. "Twende kwa Mama Mrindoko kwanza. Utasema wewe. Mimi nitabeba mzigo."

*

Siku mbili Mgawa alilala, na siku mbili Ombeni alikaa na diski ile kama mtu anayemlisha mgonjwa uji. Aliifunga kitambaa chenye maji baridi. Aliisoma mbele, kisha akaisoma kinyumenyume, akaipumzisha, akaisoma tena. Kati ya vipande thelathini na moja, ishirini na mbili vilikuwa vimekwisha kuandikwa juu yake. Tisa vilipatikana.

Tuliviunganisha, tukabonyeza.

Kwanza kikohozi, kirefu, chenye makohozi. Mtu akisema "pole, pole." Kitanda kikilia. Kisha sauti ya Elinaja, dhaifu lakini kila neno lilisikika:

"Maji haya nimempa..."

Na baada ya hapo mvumo mtupu, kama mvua juu ya bati, hadi mwisho.

Ombeni alizima. Alivua miwani, akaenda nje, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Mimi nilibaki ndani. Na hapa nataka nieleweke: nililolifanya nililifanya kwa nia ya kurekebisha. Mgawa alikuwa na sauti ya Elinaja ya miaka kumi na tano, kila alipofika langoni kusema "fungua, ni mimi". Ipo programu inayojifunza sauti ya mtu na kuisemesha asichosema. Watu huitumia kwenye matangazo na mizaha. Kwa saa tatu niliilisha kikohozi, pumzi, udhaifu wa kifua. Nikaziba lile pengo. Nikasikiliza: "Maji haya nimempa mke wangu, Naetwe." Nywele zilinisimama. Hakuna sikio ambalo lingeona mshono.

Nilikuwa na uhakika kwamba ni kweli. Zefania alikuwa mwongo, kila mtu alijua. Basi ningekuwa nimesema uongo gani? Ningekuwa nimerudisha ukweli mahali pake kwa kutumia chombo kingine. Hivyo ndivyo nilivyojiambia nikipanda kilima kuelekea kwake, simu mkononi. Nilitaka asikie yeye kwanza. Labda, kusema kweli, nilitaka anisamehe.

Alikuwa uani akichambua maharage machache ya akiba ya msimu uliopita. Alinipa kigoda. Nilimwomba radhi, naye aliniitikia kwa kichwa tu. Kisha nikamchezea ile sauti.

Mikono yake ilisimama juu ya ungo. Alisikiliza hadi mwisho. Akaomba tena. Mara ya pili alifumba macho kwenye kikohozi, na sauti ilipofika kwenye jina, akayafumbua.

"Huyu si yeye."

"Mama, ndiyo sauti..."

"Kikohozi ni chake. Hadi 'nimempa' ni yeye. Halafu anaingia mtu mwingine." Alisema bila ukali. "Mume wangu hakuwahi kuniita Naetwe, mwanangu. Tangu mtoto azaliwe, miaka ishirini na minane, hata tukigombana. Mwanamume gani wa hapa anamtaja mkewe jina mbele ya watu? Wewe umekulia wapi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Alirudi kwenye ungo wake, akatupa punje mbovu.

"Alisema, 'Maji haya nimempa mama wa watoto wangu.' Hivyo tu. Tuna mtoto mmoja, lakini alikuwa akisema 'watoto', akimhesabu na yule tuliyemzika."

Maji haya nimempa, mama wa watoto wangu. Kichwa changu kilihesabu chenyewe, kama kilivyozoea: nane, na nane. Mizani kumi na sita kamili, mshororo uliokamilika, uliosemwa na mtu asiye na pumzi za kupoteza. Na sasa niliyajua maneno. Saa moja nyingine kwenye mashine, na ningerudi na sauti ambayo hata yeye asingeikataa.

"Mama," nilisema, "naweza kuyatia hayo maneno. Ndiyo ya kweli. Hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua. Na kesho Zefania naye ataenda mjini amtafute kijana kama wewe, amsemeshe kaka yake anavyotaka. Tutasikiliza marehemu wangapi?" Alitikisa kichwa. "Na isitoshe, ya nini? Ya nini kumtengeneza maiti aseme, na shahidi mzima nimekaa naye hapa?"

"Shahidi gani?"

Akanitazama kwa mshangao. "Wewe."

Nilikuwa nimesahau kabisa. Au niseme, sikuwa na cha kukumbuka. Siku ile mwenyekiti wa wakati ule alipokwenda kwa Elinaja kwa niaba ya kamati, mimi ndiye niliyebeba kinasa sauti. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikakipeleka hadi mdomoni mwake na kukishika hapo, kwa mkono wa kulia, hadi alipomaliza.

"Mwenyekiti wa zamani, Mungu amrehemu, alikuwa akisinzia," alisema. "Zefania alikuwa akiangalia dirishani. Lakini wewe nilikuona. Ulikuwa umekaa kimya, na mkono wako wa kushoto ulikuwa ukipiga vidole pajani, kimoja kimoja. Nikajiambia, mtoto huyu anayahesabu maneno ya mume wangu asije akayapoteza. Ulinifariji sana siku ile. Ndiyo maana pale langoni uliposema tulisahau, nilishindwa kuelewa."

Nilisema nitakuja kwenye mkutano wa kusikiliza shauri lake, nikaondoka.

*

Mkutano ulikuwa asubuhi, kwenye ukingo wa ndiva. Sheria ya Mbaghani ilikuwa fupi: mwenye shauri hajitolei ushahidi, wala ndugu wa damu hatoi. Zefania aliposimama kusema, Mama Mrindoko alimkalisha kwa kidole kimoja.

"Wewe ni mpiga ngoma na mchezaji. Kaa." Akageuka. "Tumesikia sauti, imekatika. Waliokuwepo chumbani ni watano. Wawili tumewazika. Wawili ndio wanaogombana. Amebaki mmoja. Togolai, simama."

Nikasimama.

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ulimsikia Elinaja akisema maji amempa nani?"

Watu mia, na bwawa kimya nyuma yao. Mama Naetwe alikuwa amekaa mbele, kanga yake ameifunga vizuri kama mtu anayekwenda kanisani. Aliniangalia kwa utulivu kabisa. Ombeni alikuwa nyuma, miwani mkononi.

Maneno yalikuwa mdomoni mwangu tayari, nane na nane. Yalikuwa ya kweli. Nilijua ni ya kweli kama ninavyojua jina langu. Nilihitaji kusema tu kwamba niliyasikia, na kijiji kingeniamini, kama kilivyoniamini nilipoimba juu ya jiwe. Nilikuwa nimekwisha kukiambia kijiji hiki mengi nisiyoyajua.

"Nilikuwepo," nilisema. "Sikusikiliza."

Mnong'ono ukapita.

"Hukusikia?" aliuliza Mama Mrindoko.

"Masikio yalisikia. Mimi sikusikiliza. Kinasa sauti kilikuwa kinasikiliza, nikaona inatosha. Nilikuwa natunga shairi la kupeleka redioni. Vile vidole..." Nilimgeukia Mama Naetwe, maana ilikuwa haki yake asikie kwangu. "Mama, vile vidole nilikuwa nahesabu mizani. Ya kwangu."

Hakulia. Nikaona kitu kikiondoka usoni mwake, kile kilichomfariji miaka mitatu.

"Kumbe," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini, kana kwamba anamweleza mtu aliyekaa kando yake: "Kumbe siku ile alizungumza na mimi peke yangu."

Akasimama, akajifuta vumbi, akachukua ndoo yake, akashuka njia ya chemchemi kabla mkutano haujaisha. Kamati iliamua kwamba lango la kumi na tisa libaki limefungwa kwa wote wawili hadi msimu mwingine. Hiyo ndiyo haki iliyowezekana. Zefania hakupata maji hayo. Mama Naetwe alivuna magunia mawili, badala ya kumi na moja.

Wapo wanaosema heri ningedanganya. Ombeni si mmoja wao, lakini nilipomuuliza hakunipa nafuu. "Ulipaswa kusema kweli," alisema, "na ulipaswa uwe na kweli ya kusema." Mimi mwenyewe nimejibu swali hilo kwa njia zote mbili, na kwa njia zote mbili nakuta ngazi za maharage zimekauka.

Mgawa sasa anaishi kwenye diski mbili, moja ikinakili nyingine. Na Mama Mrindoko akaongeza kanuni: kila agano linaposemwa, pamoja na mashine, akae mtu mmoja asiyeshika kitu chochote, asikilize, na kabla watu hawajatawanyika ayarudie maneno yote kwa sauti. Alimtafuta mtu wa kazi hiyo kwenye mkutano. Hakuna aliyejitokeza. Kisha akaninyooshea mimi kile kidole chake cha kutafutia mshipa.

Agano la kwanza lilikuwa la bibi mmoja wa lango la nne. Alizungumza polepole, kwa kurudiarudia, akaingiza na habari za mbuzi wake. Dirisha lilikuwa wazi. Nje, njiani, Mama Naetwe alipita akitoka bondeni, ndoo kichwani, maji yakimchuruzika shingoni. Hakugeuka kuangalia ndani.

Bibi alisema, "Sasa, maji yangu..." na nikahisi vidole vyangu vikianza kuhesabu mizani pajani.

Nikaikalia mikono yangu yote miwili, nikasikiliza.